Penseli, Redio na Kishikwambi: Upimaji wa Kiingereza Shuleni Ukitazamwa kutoka Matete

Historia ya ufundishaji wa Kiingereza nchini Kenya imezoeleka kuandikwa kwa kufuata ripoti za tume za elimu. Hutajwa Tume ya Ominde ya 1964, hufuatwa na Kamati ya Gachathi ya 1976, kisha ripoti ya Mackay ya 1981, na msomaji huachwa akidhani kwamba yaliyotendeka madarasani yalitokana na maneno ya ripoti hizo. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanachunguza vyombo vilivyotumiwa kumpima mwanafunzi ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, yaani mashine ya kusahihisha alama za penseli, redio, na hatimaye kishikwambi. Dai lake ni kwamba kila chombo kilikuja na uwezo wake na upungufu wake, na kwamba maana ya "kujua Kiingereza" shuleni ilielekea kufinywa mpaka ikaenea ndani ya chombo. Ili hoja isielee hewani, mambo yatatazamwa kutoka mahali pamoja, nako ni Matete.

Matete iko kaskazini mwa Kakamega, katika njia ya kuelekea Webuye, na leo ni kaunti ndogo yenye wadi mbili, Chevaywa na Lwandeti. Ni nchi ya Watachoni hasa, lakini Wakabras na Wabukusu wako karibu, na ng'ambo ya mto Nzoia ni Bungoma. Mtoto wa huko huanza shule akiwa na lahaja mojawapo ya Kiluhya nyumbani, na Kiswahili alichokisikia sokoni, kanisani na kandokando ya barabara kuu. Kiingereza ni lugha yake ya tatu. Jambo hili la idadi ya lugha halikuwahi kuwashughulisha sana watungaji wa mitihani, ambao kwa miaka mingi waliandika kana kwamba watahiniwa wote wa Kenya walikuwa wa aina moja.

Kuna jambo jingine la kiisimu ambalo ni lazima lielezwe mapema, kwa kuwa hoja ya baadaye imesimama juu yake. Katika lahaja za kaskazini za Kiluhya, na Kibukusu ni mfano uliochunguzwa sana, vipasuo ghuna havitokei peke yake. Hutokea baada ya nazali tu. Msemaji husema *embwa* kwa maana ya mbwa, na *engokho* kwa maana ya kuku, lakini sauti *b*, *d* na *g* za Kiswahili sanifu au za Kiingereza, zinapotangulia irabu bila nazali, hazina nafasi katika mfumo wake. Herufi *b* iliyo katika jina la Wabukusu wenyewe ni kikwamizo cha midomo, wala si kipasuo. Ndiyo maana mtoto aliyelelewa katika mfumo huo huweza kutamka *dada* ikasikika kama *tata*, na neno la Kiingereza *big* likasikika kama *pik*. Wakenya wamezoea kulifanyia mzaha jambo hili, na waigizaji wa vichekesho wamelila mkate. Lakini si kosa la akili wala la bidii. Ni kanuni ya sauti inayofanya kazi kwa utaratibu kamili, na mwenye kuijua anaweza kutabiri ni wapi itatokea na ni wapi haitatokea.

Mwaka 1957 kilianzishwa mjini Nairobi Kituo Maalumu cha kushughulikia ufundishaji kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kazi ilianza na watoto wa Kiasia wa mjini, kisha ikaenezwa kwa Waafrika kwa jina la New Primary Approach. Tume ya Ominde iliunga mkono mwendo huo, na katika miaka iliyofuata uhuru shule nyingi zikauiga, nyingine zikiwa na walimu walioandaliwa vyema, nyingine zikiwa na walimu ambao Kiingereza chao wenyewe kilikuwa cha kubahatisha. La muhimu hapa ni kwamba mtindo huo mpya ulikuwa wa mdomo. Watoto waliimba, waliulizana maswali wawili wawili, waliigiza dukani na nyumbani, na mwalimu alitakiwa kusikiliza kuliko kuandika ubaoni. Sifa na lawama za mtindo huo zimejadiliwa vya kutosha. Kinachostaajabisha ni kwamba wakati ule ule mafunzo yalipokuwa yakiingia mdomoni, mtihani ulikuwa ukitoka mdomoni na hata mkononi.

Mtihani wa kikoloni wa KAPE ulisahihishwa na watu. Baada ya uhuru ulifuatwa na KPE, kisha CPE, uliofanywa mwishoni mwa darasa la saba hadi 1983. Watahiniwa walikuwa wakiongezeka kila mwaka, nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali zilikuwa chache, na matokeo yalitakiwa haraka ili uchaguzi ukamilike kabla ya Januari. Ufumbuzi uliopatikana ulikuwa mashine. Haukubuniwa Afrika. Mashine ya kusahihisha majibu ya penseli ilitokana na kazi ya mwalimu mmoja wa Marekani, Reynold Johnson, na kampuni ya IBM iliitoa mwaka 1938. Ilitambua alama kwa sababu risasi ya penseli hupitisha umeme. Katika miaka ya 1950 E. F. Lindquist wa Iowa akatengeneza mashine iliyosoma alama kwa mwanga, na kwa kasi kubwa zaidi. Mbinu iliyofaa mamilioni ya wanafunzi wa Marekani, ambao wengi wao Kiingereza ni lugha ya nyumbani, ndiyo iliyofika Kakamega kumpima mtoto ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya tatu.

CPE ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, hesabu, na karatasi ya maarifa ya jumla. Zote zilikuwa za kuchagua jibu. Insha haikuwamo. Kusema hakukuwamo, kusikiliza hakukuwamo, na hata kuandika sentensi moja ya Kiingereza hakukuhitajika ili mtu ahesabiwe kuwa amefaulu Kiingereza. Kilichohitajika ni kutambua jibu sahihi lililokwisha kuandikwa na mtu mwingine, na kulitilia alama. Mwenye kubahatisha katika majibu manne alikuwa na fungu lake la robo hata kabla ya kusoma swali. Hapana shaka kwamba mashine ilikuwa na haki ya namna yake: haikujua kabila la mtahiniwa, haikuchoka jioni, wala haikuwa na shemeji. Katika nchi ambayo nafasi ya kidato cha kwanza ilikuwa mpaka kati ya mshahara na jembe, haki hiyo haikuwa ndogo, na wazazi waliielewa. Lakini ilinunuliwa kwa bei.

Bei hiyo ililipwa darasani. Mwalimu wa darasa la saba aliyejua kwamba insha haitatahiniwa hakuwa na sababu ya kupoteza jioni zake akisahihisha insha hamsini. Alifundisha kuchagua. Ujumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa uliokuja Kenya mwaka 1972 kuchunguza ajira na usawa uliulaumu mtihani huo kwa jinsi ulivyotawala mafunzo ya shule za msingi na kuwaandaa watoto wote kwa njia ambayo wachache tu wangeipita. Lawama haikuwa ya Kiingereza peke yake, ila Kiingereza ndicho kilichoathirika kwa upana zaidi, maana karatasi zote tatu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Matete aliyeshindwa swali la hesabu huenda hakushindwa hesabu. Huenda alishindwa neno moja la Kiingereza katika mstari wa kwanza. Mashine haikuweza kumtofautisha na yule aliyeshindwa kugawanya.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kuisimulia mashine kama adui tu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 mtafiti Anthony Somerset, aliyefanya kazi na sehemu ya mitihani ya Wizara ya Elimu, aliitumia kompyuta ile ile kwa kazi nyingine. Badala ya kuridhika na jumla ya alama za kila mtahiniwa, yeye na wenzake walichunguza swali moja moja: ni wanafunzi wangapi walichagua kila jibu, wale waliochagua jibu lisilo sahihi walivutwa na nini, na ni wilaya zipi zilizolemewa na aina gani ya swali. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba maswali mengi yalidai kukumbuka kuliko kufikiri, na kwamba yaliwapendelea watoto wa mijini na wa nyumba zenye vitabu. Maswali yakaanza kubadilishwa. Tena, na hili ndilo la kukumbukwa, shule zilipelekewa waraka ulioeleza makosa ya kawaida na njia ya kuyarekebisha darasani. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa kijijini aliambiwa si kwamba wanafunzi wake wameshindwa tu, bali wameshindwa wapi.

Jambo hili halijapewa uzito unaostahili katika historia ya mitihani ya Afrika Mashariki. Mashine iliyokuwa kiziwi kwa sauti ya mtoto iligeuzwa kuwa njia ya kupeleka habari kwa mwalimu. Pamoja na hayo mpaka wake ulibaki pale pale. Uchambuzi, hata uwe wa kina namna gani, ulihusu kile kilichotiwa alama. Kama mwanafunzi angeweza kuandika barua ya Kiingereza, au kumjibu mgeni aliyemwuliza njia ya Webuye, kompyuta haikuwa na safu ya kuliandika hilo.

Insha ilirudi mwaka 1985. Baraza la Mitihani la Kenya lilikuwa limekwisha kuundwa mwaka 1980, na mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, mtihani mpya wa KCPE ulikuwa na karatasi ya Kiingereza ya kuchagua jibu, na pembeni yake insha ya dakika 40. Kiswahili pia, ambacho hakikuwamo katika CPE, kikaingizwa pamoja na insha yake. Kwa hiyo kila mwaka walimu walikusanywa kusoma insha kwa macho, wakati majibu ya kuchagua yakipitishwa kwenye mashine. Mchanganyiko huo ulikuwa wa gharama na wa kuchosha, lakini ulidumu hadi KCPE wa mwisho mwaka 2023. Ukipimwa kwa matokeo yake darasani, huo ndio uamuzi wa maana kuliko wowote uliofanywa katika upimaji wa Kiingereza wa shule za msingi tangu uhuru, kwa sababu mwalimu alipata tena sababu ya kununua wino mwekundu.

Katika miaka hiyo hiyo sauti nayo ilijaribiwa. Kati ya 1980 na 1985 Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa Marekani na kwa kushirikiana na wataalamu wa nje, iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya mwanzo ya shule za vijijini. Mfano wake ulitoka katika mradi wa hesabu kwa redio uliofanyika Nicaragua miaka ya 1970. Vipindi vilikuwa vya nusu saa, na ndani yake mliachwa vimya vifupi vilivyopimwa kwa uangalifu ili watoto wajibu kwa pamoja, kisha redio iendelee kana kwamba imewasikia. Haikuwasikia, bila shaka. Lakini mradi uliweka watazamaji darasani waliochunguza ni wapi watoto walijibu na ni wapi walinyamaza, na vipindi vikarekebishwa kwa kufuata taarifa zao. Watoto walipewa pia majaribio ya kusoma na ya kusikiliza, wakalinganishwa na wenzao waliofundishwa bila redio, na waliofundishwa kwa redio walionyesha maendeleo, hasa katika kusikiliza. Mradi ulipokwisha haukuenezwa kwa nchi nzima kwa ukamilifu wake. Mbegu yake ilichukuliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na ikaota huko. Kenya ilibaki na funzo kwamba kusikiliza kunaweza kupimwa hata katika shule isiyo na umeme, kwa betri chache na mtazamaji makini, na ikaliweka funzo hilo kabatini.

Lilipotolewa tena, lilikuwa na sura ya kishikwambi. Kuanzia 2011 mradi wa PRIMR ulijaribu njia mpya za kufundisha kusoma, na baadaye ukafika Bungoma, ng'ambo tu ya Nzoia, ambako baadhi ya shule zilijaribu kufundisha kusoma kwa Kibukusu. Ilionekana kwamba watoto wa shule hizo waliisoma lugha hiyo vizuri zaidi. Kisha mwaka 2015 ukaanza mpango wa Tusome katika shule za msingi za umma nchini kote, Matete ikiwamo. Ofisa anayewatembelea walimu, ambaye wazee wangali wakimwita mwalimu wa TAC, alipewa kishikwambi. Aliingia darasani, akatazama somo, akachagua wanafunzi watatu bila kupanga, na kuwasikiliza mmoja mmoja wakisoma kwa dakika moja. Kila neno lililokosewa aliligusa kwenye kioo. Chombo kilihesabu maneno sahihi kwa dakika na kupeleka hesabu hiyo mahali ambapo wakuu wa kaunti na wa wizara wangeweza kuiona. Pia kilitambua mahali ofisa alipo, na nauli yake ililipwa kwa kufuata ziara zilizothibitishwa hivyo; hila ndogo ya kiutawala ambayo pengine iliwafikisha maofisa katika shule za mbali kuliko waraka wowote uliotangulia. Kiwango kilichowekwa cha msomaji fasaha kilikuwa maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza, na 45 kwa Kiswahili, tofauti ambayo haimshangazi anayejua urefu wa maneno ya lugha za Kibantu.

Hapa ndipo kanuni ya vipasuo inaporudi. Mtoto wa Lwandeti amekaa kwenye benchi, mbele yake kuna hadithi fupi ya Kiingereza, na anasoma *pik* palipoandikwa *big*. Ofisa ana nafasi ya sekunde moja kuamua. Miongozo ya upimaji wa aina hii inasema kwamba matamshi yanayotokana na lugha ya mtoto yasihesabiwe kuwa makosa, na wapimaji hufunzwa kwa kusikiliza msomaji mmoja kwa pamoja na kulinganisha hukumu zao. Lakini mwongozo hausikii. Mtu ndiye anayesikia. Ofisa aliyezaliwa huko atajua kwamba mtoto amelisoma neno na kulielewa. Ofisa mgeni, ambaye masikio yake yamelelewa na lugha nyingine, anaweza kuligusa neno hilo kwa nia njema kabisa, na kuligusa tena kila litokeapo. Tena kuna tatizo lililo gumu zaidi. Kama mtoto amesoma *pack* palipoandikwa *bag*, je, ameisoma *bag* kwa matamshi ya kwao, au amekisia neno jingine? Kioo kina majibu mawili tu kwa kila neno, sahihi na kosa. Tofauti ambayo mwanaisimu angeandikia ukurasa mzima inapita katika mguso wa kidole.

Ikiwa maneno kumi ya hadithi yana vipasuo ghuna mwanzoni, sikio la mpimaji peke yake linaweza kumsukuma mtoto wa maneno 65 hadi 55, na kumtoa katika kundi la wasomaji fasaha. Hesabu hiyo ikikusanywa kwa shule nyingi haionekani tena kuwa sikio la mtu. Inakuwa takwimu ya kaunti, na kaunti hulinganishwa na kaunti.

Wakati huo huo mtihani mkuu umerudi ulikotoka. Mtihani wa KPSEA wa gredi ya sita, uliofanywa kwa mara ya kwanza Novemba 2022, ni wa kuchagua jibu peke yake, na insha haimo. Watetezi wake husema, na si uongo, kwamba unachukua sehemu ya asilimia 40 tu, na kwamba asilimia 60 hutokana na kazi zinazopimwa na walimu wenyewe katika gredi ya nne, ya tano na ya sita, ambamo kuandika na kusema vimo. Hata hivyo kazi hizo hugeuzwa alama, na alama hupelekwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Mwalimu aliye mbali na mtandao hana budi kutafuta mahali penye mtandao ili azipeleke. Insha ya mtoto yenyewe haisafiri. Inayosafiri ni tarakimu. Mtu aliyezoea kuusoma ule waraka wa miaka ya 1970 atauliza ni nini kinachorudi kwa mwalimu kutoka katika tovuti hiyo, na kama kinamwambia ni wapi mwanafunzi amekosea au ni kiasi gani tu.

Hatua inayobisha hodi sasa ni kompyuta inayosikia yenyewe. Mtihani wa TOEFL, ulioanza 1964 kwa wageni wanaotaka kusoma Marekani, ulikaa miaka 40 hivi kabla ya kuifanya sehemu ya kusema kuwa ya lazima, mwaka 2005. Siku hizi iko mitihani ambayo hotuba ya mtahiniwa huhukumiwa na programu. Programu hizo hufunzwa kwa sauti zilizorekodiwa, na hazisikii wote sawasawa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 juu ya programu za makampuni matano makubwa ulikuta kwamba zilikosea maneno 35 katika kila 100 yaliyosemwa na Wamarekani weusi, na 19 katika kila 100 yaliyosemwa na wazungu, na hao wote Kiingereza ni lugha yao ya kwanza. Ofisa mgeni aliyefika Matete anaweza kusahihishwa na mwalimu mkuu wakinywa chai: "Huyu mtoto amesoma *big*, ndivyo tunavyosema huku." Programu itahitaji kuelezwa hivyo kabla haijafika, nayo haielezwi kwa maneno. Yatupasa kurekodiwa watoto wa Chevaywa na Lwandeti wakisoma, mamia ya saa, na kando ya kila rekodi hukumu ya mwalimu ajuaye Kitachoni juu ya kila *p* na kila *b*. Kazi hiyo ni ya idara za lugha za Kiafrika kuliko ya mafundi wa kompyuta, na haidai mashine kubwa. Inadai orodha ya maneno yenye jozi pinganizi, kinasa sauti, na ruhusa ya wazazi.